Kodi ya kufunga mashua: kwanza gati na choo, kisha jetoni

Piana-Mwanga iko kwenye Mto Luvua, pale maji yanapoanguka kwa nguvu ambayo wakoloni Wabelgiji waliitumia kujenga kiwanda cha umeme katika miaka ya 1930, kwa faida ya machimbo ya Manono. Mto huo unatoka Ziwa Mweru, unapita Pweto, unashuka mpaka Ankoro na kuingia Lualaba. Kutoka Ankoro mashua inaweza kupanda kilometa kama 160 hadi Kiambi. Kupita hapo, maporomoko yanafunga njia. Anayetaka kuendelea anatafuta mtumbwi kwa vipande vipande, anashuka, anabeba mizigo kichwani, anapanda tena.

Kwenye ukingo wa mito yetu na wa Ziwa Tanganyika, jambo moja linajirudia. Mtu anafika na chombo chake. Anaingia maji mpaka magotini kwa sababu hakuna gati. Anafunga kamba kwenye mti au kwenye kigingi alichokichimba mwenyewe. Mama anayesafiri na mtoto anauliza choo kiko wapi, anaonyeshwa majani. Kisha anatokea mtu na kitabu cha jetoni: lipa ya kuegesha. Mara nyingine anafuata wa pili, na wa tatu.

Swali letu leo ni fupi. Analipia nini?

Hatuulizi hivyo kwa sababu tunapinga kodi. Ibara ya 174 ya Katiba yetu inasema wazi kwamba kuchangia gharama za umma ni wajibu wa kila mtu anayeishi katika nchi hii. Lakini ibara hiyo hiyo inasema pia kwamba kodi haiwekwi ila kwa sheria. Na sheria za fedha zinatofautisha vitu viwili ambavyo huku kwetu vimechanganywa mpaka raia hajui tena kipi ni kipi. Kuna kodi ambayo mtu analipa kwa sababu ni raia, hata kama hakupewa kitu mkononi siku ile. Na kuna malipo ambayo mtu anatoa kwa sababu amepewa huduma. Malipo ya kufunga mashua ni ya aina ya pili. Bila huduma, yanakosa msingi. Anayeyadai mahali ambapo hakuna hata ubao mmoja wa kukanyaga anauza kitu ambacho hana.

Wenye kutetea hali ya sasa wana hoja, na lazima tuisikilize. Wanasema: jimbo letu ni changa, lilizaliwa mwaka 2015 katika kugawanywa kwa Katanga. Katiba, katika ibara ya 175, iliahidi majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, ahadi ambayo Kinshasa haijaitimiza kama ilivyoandikwa. Basi jimbo, sekta na sheferi zitapata wapi pesa ya kujenga gati kama hazitozi kwanza? Ni kweli, pesa lazima itoke mahali. Lakini hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama baada ya miaka yote hii ya kutoza tungeonyeshwa gati moja, choo kimoja, bomba moja, na kuambiwa: hivi vimejengwa kwa jetoni zenu. Mwenye kuomba avumiliwe lazima aonyeshe amefikia wapi.

Tuzungumzie pia kundi ambalo wengi huku wanalichukulia kama kichekesho: watu wanaopanda mashua kwa kujifurahisha. Wapo. Wapo vijana wa Kalemie wanaokodi boti siku ya Jumapili kuogelea mbali kidogo na mji. Wapo wafanyakazi wa mashirika wanaotafuta pumzi baada ya juma la kazi. Wapo wanaorudi kutoka Lubumbashi na Ulaya, wanaotaka kuwaonyesha watoto wao ziwa la babu zao, ziwa lenye urefu wa kilometa zaidi ya 650 na kina cha meta 1,470, la pili duniani kwa kina. Na wapo wageni wanaotoka mbali kwa ajili ya mito yetu. Desemba 2010, Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, mmoja wa wasafiri wa mito waliojulikana zaidi Afrika, alikuwa anashuka Mto Lukuga kwa kayaki pamoja na Wamarekani wawili. Mamba alimkamata na hakuonekana tena. Hatusemi kwamba ofisi au kibao kingemzuia mamba. Tunasema kwamba mito hii inajulikana duniani na watu wanaitafuta, na kwamba mpaka leo anayeifuata anaweza kukutana na mtu wa kumdai pesa kabla ya kukutana na mtu wa kumwambia hatari iko wapi.

Watu wa namna hii wanaweza kulipa, na mahali pengine wanalipa bila kunung'unika. Uingereza ina mifereji na mito midogo yenye urefu wa kilometa zaidi ya 3,000 iliyo chini ya shirika moja, Canal & River Trust, lililoanza kazi mwaka 2012. Mwenye mashua analipa leseni. Kwa leseni hiyo anakuta mabomba ya maji, mahali pa kumwaga taka na uchafu wa choo, na sehemu za kuegesha kwa muda bila malipo mengine. Asiye na kituo cha kudumu anaruhusiwa kukaa mahali pamoja kwa siku 14, kisha asogee na kumwachia mwingine nafasi. Huko nako watu wanagombana: bei zinapanda, wenye mashua wanalalamika, shirika linajibu. Lakini ugomvi wao ni juu ya bei ya huduma iliyopo. Sisi tunagombana juu ya bei ya huduma ambayo haipo.

Huenda msomaji wa Moba au wa Kabalo atasema: mambo ya mashua za starehe yananihusu nini, mimi nasafirisha mihogo? Yanamhusu sana. Gati ambalo boti ya Jumapili inafunga kamba ndilo gati ambalo muuza mihogo atashusha magunia bila kuyalowesha. Choo cha mgeni ni choo cha mama anayekwenda kujifungua. Taa inayomwongoza mtalii usiku inamwongoza mvuvi pia. Tena, kama bei zimepangwa kwa akili, yule anayepanda mashua kwa raha ndiye atakayesaidia kubeba gharama ya yule anayepanda kwa shida. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni anayedaiwa mara tatu kwenye ufuko mmoja hatarudi. Ziwa hili lina nchi nne, na Kigoma iko ng'ambo tu.

Kuna tofauti moja ambayo bei yoyote lazima iiheshimu. Mwaka 2025, vita vilipoingia Bukavu na hofu ikashuka mpaka Uvira, watu walipanda boti na kukimbilia Kalemie. Walifika na magodoro, sufuria na watoto. Boti ya namna hiyo haiwezi kudaiwa pesa ya kuegesha sawa na boti iliyobeba watu wa pikiniki. Wala mtumbwi unaoleta mgonjwa. Wala mashua ya mvuvi iliyokaa ufukoni katika miezi ambayo uvuvi unafungwa ili samaki wazaane. Na kwa kuwa Katiba inasema hata msamaha wa kodi unahitaji sheria, haitoshi kutegemea moyo mzuri wa mtumishi aliye zamu siku hiyo. Msamaha uandikwe.

Suala la usalama nalo limo humu. Desemba 2014, boti ya Mutambala ilizama katika Ziwa Tanganyika na kuua watu zaidi ya 100. Oktoba 2024, boti nyingine ilizama karibu na Kituku, Goma, ikiwa imekaribia kufika, watu wakiwa wanaiangalia. Kila baada ya msiba tunasikia maneno yale yale: mizigo kupita kiasi, abiria wasio na jile za kuokolea, boti iliyoachwa iondoke. Mahali pa kuzuia mambo hayo ni ufukoni, kabla kamba haijafunguliwa. Mtu mwenye jetoni yuko pale kila siku. Yeye anaiona boti kuliko mtu mwingine yeyote wa serikali. Kama kazi yake ni kuhesabu pesa tu, na si kuhesabu abiria na jile, basi tumeweka mlinzi mlangoni na kumwambia afunge macho.

Kuhusu wingi wa wanaodai, nchi hii haikosi maandishi. Amri ya tarehe 28 Machi 2002 iliruhusu idara nne tu kufanya kazi mipakani: forodha, ambayo leo ni DGDA, OCC, uhamiaji, yaani DGM, na idara ya usafi na afya. Miaka zaidi ya 20 imepita. Msafiri yeyote wa ziwa ahesabu mwenyewe safari ijayo amekutana na wangapi. Na kama mpakani sheria iliona wanne wanatosha, kwenye ufuko wa kijiji cha ndani ya jimbo, ambako hakuna mpaka wowote, ni wangapi wanaohitajika?

Tunaomba mambo matano, na hakuna hata moja linalopita uwezo wa jimbo.

La kwanza, Bunge la jimbo lipitishe sheria moja fupi juu ya kuegesha vyombo vya majini, iseme nani anatoza, kiasi gani, na nani hatozwi. Orodha ya kodi za majimbo na za sekta na sheferi iliwekwa na sheria ya tarehe 13 Machi 2018. Kinachokosekana humo kisitozwe kabisa.

La pili, kila ufuko unaotozwa uwe na kibao chenye bei, kwa Kiswahili na kwa franka za Congo. Pasipo kibao, pasiwe na malipo. Kanuni hiyo mtu asiyejua kusoma vizuri anaweza kuikumbuka na kuitetea.

La tatu, meza moja, karatasi moja. Idara zigawane pesa ofisini, si mfukoni mwa msafiri.

La nne, sehemu ya pesa inayojulikana, na sisi tungesema angalau nusu, ibaki kwenye ufuko ule ule mpaka uwe na gati, choo, maji safi na taa. Kamati ya watu wachache, yenye mvuvi, mwenye boti, mwanamke mfanyabiashara na mjumbe wa shirika la raia, isomee watu hesabu kila baada ya miezi mitatu. Na gati lijengwe kwa kufuata maji yetu. Ziwa Tanganyika halina mlango mwingine wa kutokea ila Lukuga, na mwaka 2024 liliingia ndani ya nyumba za watu Kalemie. Ngazi ya saruji iliyojengwa kwa kimo cha maji cha mwaka mmoja itazama au itabaki juu mwaka mwingine. Gati la kuelea, la mbao na mapipa, ni rahisi zaidi na linapanda na kushuka pamoja na maji.

La tano, bei itenganishe kazi na starehe. Mtumbwi wa mvuvi na wa mkulima ulipe kidogo sana. Boti ya abiria na mizigo ilipe kwa ukubwa wake. Boti ya starehe ilipe zaidi, na ipewe inacholipia: mahali palipotengwa, ulinzi wa usiku, na mtu anayeujua mto wa kumwonya mgeni.

Tumeanza na Piana-Mwanga kwa sababu. Pale bado hakuna msongamano wa mashua wala mlolongo wa meza za kodi kama kwenye fuko kubwa. Lakini litiamu ya Manono inavuta macho ya dunia, na kila anayezungumza juu ya machimbo hayo anazungumza pia juu ya umeme wa Piana-Mwanga. Siku mashine zikirudi kuzunguka, watu watakuja: mafundi, wafanyabiashara, na wale watakaotaka kuona maporomoko kwa macho yao. Mtu wa jetoni naye atakuja, huyo hachelewi. Kazi ya serikali ya jimbo ni kuhakikisha kwamba atakapofika atakuta gati limeshajengwa na kibao kimeshasimamishwa. Akilikuta hivyo, tutamlipa. Sisi wenyewe tutawaambia wasomaji wetu walipe.

Kabla ya hapo, kila msafiri ana haki ya kuuliza kwa sauti ya heshima lakini bila woga: ndugu, nalipia nini?