Kamba ya Mbwa



Kisha ibada ya vijana hapa Butembo, kijana mmoja alinifwata, akaniambia: "Pasta, niko naenda kule Mambasa kwenye zahabu, na imbwa yangu. Njia inapita mu pori ya Okapi. Watu wanasema nimufunge kamba. Lakini imbwa ya kamba ni ya Wazungu! Ya kwetu inajitembeza."

Tulicheka wote. Lakini swali lake ni kubwa, na wewe mama unayefuga mbwa lupangoni, sikiliza pia.

Tazama Virunga, jirani yetu. Tangu mwaka wa 2011 walinzi wa parke walipata mbwa wa kunusa, walioletwa toka Uswisi wangali wadogo, wakafundishwa Rumangabo. Mwaka wa 2012 tembo alikutwa amekufa, meno yamekatwa. Mbwa wawili walifwata harufu ya wauaji kilometa 7, mpaka kijiji kidogo cha wavuvi. Na mbwa wa namna hii hufanya kazi akiwa kambani! Mlinzi anakwenda nyuma, kamba ndefu mkononi. Kamba ikivutwa kwa nguvu, anajua harufu ipo. Ikilegea, mbwa amepoteza njia, basi warudi watafute. Mtu na mnyama wake wanasemezana hivyo, bila neno.

Sasa mbwa wako asiye na kamba. Atasikia harufu ya mboloko, na pale hata umwite kwa jina mara kumi, harudi. Wambuti wanalijua hilo tangu babu zao: mbwa wa kuwinda wanamvika kengele ya mti shingoni, maana habweki sana, na bila kengele hawajui amefika wapi. Wewe huna kengele, huna ruhusa. Mlinzi akikukuta na mbwa mwenye damu mdomoni, utamwambia ulikuwa unapita tu?

Tena kuna magonjwa. Mwaka wa 1994, kule Serengeti, Tanzania, ugonjwa wa mbwa uliingia kwa simba, na karibu simba mmoja kwa watatu alikufa. Wataalamu waliona kwamba ulitoka kwa mbwa wa vijijini. Na toka porini mbwa anaweza kuturudishia kichaa. Wazazi, shikeni hili: mtoto akiumwa na mbwa, osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku ileile, kwa sindano. Msingoje kuona kama mbwa atakufa. Kichaa kikisha kuonekana kwa mtu, dawa hakuna. Tutabaki na kuzika.

(Simtumi mtu kutembea porini upande wa Beni. Tangu mauaji ya 2014 tunajua tumezika wangapi.)

Mithali 12:10 msome jioni, watoto wakisikia.

Basi, kijana wangu. Pori la Okapi ni hifadhi tangu 1992, na kuchimba ndani yake kunakatazwa; hayo nitayaandika mwezi ujao, tena kwa ukali. Kwa leo ninasema mbwa abaki Butembo. Mchanje. Mtaani mtembeze kwa kamba ya mita 2 hivi, si waya, na mkanda mpana usiomkaba. Ukisafiri, mwachie dada yako karatasi ya chanjo na pesa ya chakula chake, usimwachie kamba peke yake.