CHANJO YA CHIKUNGUNYA NA HAKI YA KUPIMA FAIDA NA MADHARA



Katika mikutano ya jumuiya zetu ndogo ndogo, tangu Masasi hadi Newala, husikika maneno ya namna mbili juu ya dawa na chanjo. Wako wasemao kwamba kila sindano itokayo ng'ambo imefichwa sumu. Wako pia wasemao kwamba kitu kilichokwisha kupitishwa na wataalamu hakiulizwi tena. Kauli hizi mbili zapingana, lakini kosa lao ni moja: zote zamwondolea mtu wajibu wa kupima. Na pale ambapo watu hawapimi, wengine huwapimia.

Tume yetu yaona kwamba kupima faida na madhara ya dawa ni suala la haki. Ili tusiseme kwa mafumbo, tumechagua mfano mmoja ulio wetu kuliko mingine yote, nao ni chikungunya.

Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa kwetu. Mwaka 1952 homa kali ilienea katika vijiji vya Uwanda wa Makonde. Wagonjwa walishikwa ghafla, viungo vikawauma hata wakashindwa kusimama wima. Mwaka 1953 mtaalamu R. W. Ross alivipata virusi vya ugonjwa huo katika damu ya mgonjwa, na mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo yao juu ya mlipuko ule. Jina wakalichukua katika Kimakonde, neno lenye maana ya kile kinachomkunja mtu. Leo madaktari wa Brazili, India na Italia hulitamka neno hilo kila siku, na pengine wachache kati yao wajua ni la wapi.

Ugonjwa haukubaki hapa. Mwaka 2004 uliwapata watu wengi sana wa Lamu, nchini Kenya. Kutoka pwani hiyo ulifika Visiwa vya Komoro, kisha Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi kilicho chini ya Ufaransa, ambako katika miaka ya 2005 na 2006 uliwapata wakazi wapatao theluthi moja, na vifo zaidi ya 200 vilihusishwa nao. Mwaka 2006 uliingia India kwa nguvu, na mwaka 2013 ukafika visiwa vya Karibi. Hivyo haja ya chanjo ikazidi kuonekana hata katika nchi tajiri.

Chanjo ya kwanza, iitwayo Ixchiq, iliidhinishwa Marekani mwezi Novemba 2023 kwa watu wa miaka 18 na zaidi. Imetengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ilivyo chanjo ya surua. Ya pili, Vimkunya, iliidhinishwa mwezi Februari 2025 kwa watu wa miaka 12 na zaidi, nayo haina virusi hai. Zote mbili ziliidhinishwa kwa kuwa zilionyesha kinga katika damu ya waliochanjwa. Hazikuidhinishwa kwa kuhesabu wagonjwa waliopungua katika mlipuko. Tofauti hiyo ni kubwa, na kila mwenye kupima hana budi kuijua.

Mwaka 2025 Réunion ilipatwa tena na mlipuko mkubwa. Mwezi Aprili wakuu wa afya walianza kuwachanja kwa Ixchiq wazee wa miaka 65 na zaidi wenye maradhi mengine, kwa kuwa hao ndio hufa zaidi kwa chikungunya. Kabla ya mwezi kwisha, wazee kadhaa waliochanjwa waliugua vibaya, na mmoja, mwenye umri wa miaka 84, alikufa baada ya kupata uvimbe wa ubongo. Serikali ya Ufaransa ikasimamisha uchanjaji wa wazee. Mwezi Julai wakuu wa dawa wa Ulaya, baada ya kupitia habari zote, waliruhusu itumike tena, ila tu pale ambapo hatari ya kuambukizwa ni kubwa na baada ya kumpima mtu mmoja mmoja. Mwezi Agosti wakuu wa Marekani walichukua njia nyingine, wakasimamisha kibali chake nchini mwao.

Je, yatupasa kusema nini juu ya habari hizi? Mwenye kushuku atasema, "Mmeona? Chanjo huua." Mwenye kuamini kila kitu atasema, "Ni watu wachache tu, tusiwatishe waumini." Sisi twasema kwamba habari hizi zatufundisha mambo matatu.

La kwanza ni kwamba kipimo cha faida hutegemea mahali na mtu. Ulaya na Marekani zilipima chanjo ileile, zikaamua mbalimbali. Marekani chikungunya haijaenea, na wengi wa watakaochanjwa ni wasafiri wenye afya njema. Kwa mtu ambaye huenda asikutane kamwe na ugonjwa, hata hatari ndogo ya chanjo ni nzito. Kwa mtu aliye katikati ya mlipuko, hatari hiyohiyo yaweza kuwa nyepesi kuliko ile ya ugonjwa. Tena mzee dhaifu si kijana mwenye nguvu: chanjo yenye virusi hai haifai kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili imedhoofika sana, kwa ugonjwa au kwa dawa anazotumia. Kwa hiyo swali "Je, chanjo hii ni nzuri?" halina jibu. Swali lenye jibu ni hili: "Ni nzuri kwa nani, wapi, na wakati gani?"

La pili ni kwamba majaribio hayaoni kila kitu. Katika jaribio kuu la Ixchiq, lililofanyika Marekani, watu wapatao 3,000 walipewa chanjo, na wazee kati yao walikuwa wachache. Dhara linalompata mtu mmoja katika watu 10,000 laweza lisionekane hata kidogo kati ya watu 3,000. Huo si udanganyifu, ni hesabu. Ndiyo maana kazi ya kuangalia madhara haiishi siku dawa inapoidhinishwa, bali huanza upya siku hiyo. Na yaliyotokea Réunion yalijulikana kwa sababu wahudumu wa huko waliandika na kutoa taarifa. Mahali pasipotolewa taarifa, dawa huonekana salama hata kama si salama.

La tatu latuhusu sisi zaidi. Majaribio makuu yaliyozifanya chanjo hizi mbili zikubaliwe hayakufanyika Newala wala Masasi, bali yalifanyika Marekani. Anayekingwa kwanza ni msafiri anayekuja kututembelea. Mkulima wa korosho, ambaye lugha yake ndiyo iliyoupa ugonjwa jina, hajaulizwa. Wala tusiudharau ugonjwa huu kwa kuwa hauui wengi. Maumivu ya viungo huweza kudumu miezi, na kwa wengine miaka. Mtu asiyeweza kukunja vidole katika msimu wa kuokota korosho amepoteza ada ya shule ya watoto wake. Mtoto mchanga ambaye mama yake ni mgonjwa wakati wa kujifungua aweza kuambukizwa na kuumia ubongo. Madhara haya nayo yapasa kuwekwa kwenye mizani, na mwenye kuyajua uzito wake ni yule aliyeyabeba.

Msimamo wetu basi ni huu. Hatuombi chanjo hizi ziletwe kesho na kuchomwa kwa kila mtu, wala hatuzikatai. Twataka watu wa mahali palipo na ugonjwa wahesabiwe katika kupima. Endapo utafiti utakuja kwetu, uje kwa ridhaa ya kweli, ukielezwa kwa Kiswahili na, inapobidi, kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao, na mtu awe huru kukataa bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Na endapo chanjo itaonekana kufaa, bei yake isiwe ukuta kati yake na maskini. Kututumia kama uwanja wa majaribio bila kutueleza ni dhuluma. Kutuacha nje ya majaribio, kisha kutuambia kwamba hakuna habari zinazotuhusu, ni dhuluma pia.

Mtu asichukue maneno haya kuwa udhuru wa kuwaficha watoto siku ya kliniki. Chanjo ya surua, ya pepopunda na ya kifaduro zimetumika kwa miaka mingi na kwa mamilioni ya watoto, madhara yake yajulikana, na faida yake ni kubwa mara nyingi kuliko hatari yake. Anayelinganisha chanjo hizo na chanjo mpya iliyoidhinishwa juzi amechanganya mizani mbili.

Na mizani hiyohiyo twaihitaji hata kwa vidonge tunavyonunua bila kufikiri. Mtu akishikwa na homa na maumivu ya viungo, wengi wetu hukimbilia dukani kuomba dawa ya malaria na dawa kali ya maumivu. Yafaa kwanza apimwe malaria, kwa maana kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika chache. Isipokuwa malaria, yaweza kuwa chikungunya, au dengi, na hizi mbili ni vigumu kuzitofautisha kwa macho. Dengi huweza kuleta kutoka damu. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari hiyo. Hivyo, mpaka dengi iondolewe katika mashaka, dawa ya kutuliza ni parasetamoli. Hata hiyo ina mpaka: mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa kuwa ikizidi huharibu ini. Tena viko vidonge vya diklofenaki vilivyochanganywa na parasetamoli, na dawa za mafua zenye parasetamoli ndani yake. Anayemeza hivi na vile kwa pamoja huzidisha kipimo pasipo kujua.

Iko kinga nyingine isiyohitaji kibali cha Ulaya wala cha Marekani. Mbu wanaoeneza chikungunya na dengi huuma mchana, na huzaliana katika maji safi yaliyosimama karibu na nyumba. Uwanda wetu hauna mito, na kila kaya huhifadhi maji katika mapipa, ndoo na visima vya maji ya mvua. Shida ya maji na shida ya chikungunya ni ndugu. Kufunika vyombo vyote na kuvisugua kila wiki ni kazi yetu sote. Lakini kudai maji ya bomba yatoke kwa uhakika, ili mtu asilazimike kuyalimbikiza nyumbani, ni kazi ya haki pia. Katika kinga hii faida ni kubwa na madhara hayapo.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa walei mambo haya. Mosi, kila jumuiya itenge siku moja ya kumwalika mhudumu wa afya ajibu maswali ya watu, naye asiwacheke wala kuwakemea wanaoogopa. Pili, wafundisheni watu kuuliza maswali manne kabla ya kupokea dawa au chanjo: Inakinga au kutibu nini? Nikiiacha, nini chaweza kunipata? Nikiitumia, madhara yapi ni ya kawaida na yapi ni ya hatari? Je, hali yangu ya afya, mimba au dawa ninazotumia inabadili jibu? Tatu, mtu akidhurika, asaidiweni kutoa taarifa kituoni, ijazwe fomu ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Taarifa hiyo haimshitaki mhudumu, bali humkinga mgonjwa anayefuata. Nne, asiyekuwa na uhakika asitangaze uvumi, ama wa kutisha ama wa kusifu.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Wazee wetu waliupa ugonjwa huu jina kwa sababu waliutazama vizuri, wakaona unavyomkunja mtu. Nasi tuzitazame vivyo hivyo dawa zake, na wanaozipima wasikie pia neno la Masasi na la Newala.

Tume ya Haki na Amani