Michezo ya Sabuni: Mama Alisikiliza Huku Akifua

Ndugu msomaji, pengine umewahi kumlaumu mtu wa nyumbani kwako kwa kufuatilia mchezo wa televisheni usiokwisha. Leo mambo yaonekana kusogea, kesho yarudi pale pale. Mtu aulizwa swali Jumatatu, ajibu Alhamisi. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa walaumuji, mpaka nilipotaka kujua michezo ya namna hiyo ilitungiwa nani hapo mwanzo, na mtu huyo alikuwa akifanya nini wakati akiisikiliza. Alikuwa akifua.

Mwaka 1930 kituo cha redio cha WGN cha mjini Chicago, Marekani, kilianza kutangaza mchezo ulioitwa Painted Dreams. Mtungaji wake alikuwa Irna Phillips, mwanamke aliyewahi kuwa mwalimu. Saa za mchana wanaume walikuwa kazini, watoto shuleni, na akina mama majumbani wakipika, wakifua na kupiga pasi. Wenye viwanda vya sabuni waling'amua upesi kwamba hakuna wakati bora wa kumwuzia mtu sabuni kuliko ule ambao mikono yake imo ndani ya povu. Kampuni ya Procter & Gamble ikawa mlipaji mkubwa wa michezo hiyo, na hivyo ikaitwa kwa jina la sabuni, jina lililokuwa na kejeli ndani yake.

Basi ule mwendo wa konokono haukuwa uvivu wa watungaji. Mama aliyetoka uani kuanika nguo alipaswa kurudi na kukuta hadithi bado inamngojea. Kwa hiyo jambo moja lilisemwa mara tatu, na watu watatu tofauti, na wahusika waliitana majina kila mara ili msikilizaji asipotee. Hata televisheni ilipoingia, desturi haikuachwa. Mchezo wa Guiding Light, alioubuni Irna Phillips mwaka 1937, ulihamia televisheni mwaka 1952, na kwa miaka 4 ukaendelea redioni pia. Uliweza kufuatwa kwa sikio tu, macho yakiwa kwenye pasi. Vyumba vya kuigizia vilikuwa vichache, jikoni na sebuleni, kinanda kikipigwa penye mashaka, na maneno yote yakitamkwa papo hapo hewani bila nafasi ya kusahihisha kosa. Tarehe 22 Novemba 1963 waigizaji wa As the World Turns walikuwa katikati ya mazungumzo yao wakati mtangazaji Walter Cronkite alipoukatiza mchezo kutangaza kwamba Rais Kennedy amepigwa risasi.

Yawezekana, ndugu msomaji, ukasema kwamba haya yote ni ujanja wa mabepari wa kuuza bidhaa. Ni kweli, sitabisha. Lakini tazama lililotokea mwaka 1962. Mtungaji Agnes Nixon, ambaye rafiki yake alikuwa amefariki kwa saratani ya shingo ya kizazi, alitaka mhusika mmoja wa Guiding Light, mama wa nyumbani aitwaye Bert Bauer, apimwe na kugunduliwa mapema kuwa ana ugonjwa huo. Wenye kituo na wenye sabuni walisita. Hatimaye wakakubali kwa sharti kwamba neno saratani lisitamkwe, wala neno la mfuko wa uzazi, wala la upasuaji wa kuuondoa. Nixon akaiandika hadithi nzima bila maneno hayo. Mama Bauer akapimwa, akatibiwa, akapona, na wanawake waliokuwa wakipiga pasi wakaelewa vizuri kabisa kilichokuwa kikizungumzwa.

Si kila hadithi ilistahili sifa. Mwezi Novemba 1981 watu wapatao milioni 30 walitazama harusi ya Luke na Laura katika General Hospital. Mchezo huo sasa ulikwenda mbio, ukiwa na hatari na mahaba ya kuwavutia vijana waliotoka shuleni. Lakini bwana harusi yule, mwaka 1979, ndiye aliyembaka bibi harusi, na watungaji wakaligeuza tendo hilo kuwa mwanzo wa mapenzi. Ilipita miaka mingi, hadi 1998, ndipo mchezo wenyewe ulipolirudia jambo hilo na kuliita kwa jina lake, baada ya mwana wao kulifahamu. Harusi ile husifiwa hata leo kama kilele cha michezo hii. Kwangu mimi ni aibu yake.

Wakati huo akina mama wa Marekani walikwisha kutoka kwa wingi kwenda kufanya kazi za mshahara, na nyumba za mchana zilibaki kimya. Guiding Light ilifungwa mwaka 2009, baada ya miaka 72. As the World Turns ilifuata mwaka 2010, mmiliki wake akiwa bado muuza sabuni yule yule.

Lakini mbinu ya mama Bauer ilikwisha kupata mwanafunzi mahali pengine. Huko Mexico, Miguel Sabido alikuwa ameona jinsi Simplemente María, mchezo wa Peru wa mwaka 1969, ulivyowateka watazamaji kwa hadithi ya mtumishi wa nyumbani aliyejifunza kusoma na kushona. Mwaka 1975 akaanzisha Ven Conmigo, wenye shabaha ya elimu ya watu wazima. Siku moja mchezo ulitaja mahali vitabu vya kusomea vinapotolewa. Kesho yake umati ulifurika hata magari yakashindwa kupita.

Kutoka kwa Sabido, njia inafika kwetu. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza Twende na Wakati mara 2 kwa wiki, na wengi wenu mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye nyumba ndogo kila kituo. Dodoma haikutangaziwa mchezo huo hadi 1995, ili wataalamu wapate kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Kwingineko watu walikaa kando ya redio wakimzomea Mkwaju kana kwamba ni jirani yao, wengine mikono ikiwa katika mchele wa kuchagua au nguo za kufua, wakimsikiliza mkewe Tunu akichoka taratibu, kipindi baada ya kipindi, mpaka siku alipofunga vitu vyake, akamwacha, na kuanzisha biashara yake mwenyewe.