Mambo ya Nyumbani: Uzi wa Meno

Mwezi huu twapenda kunena juu ya jambo dogo, tena dogo mno, maana mahali pake ni kati ya jino na jino. Lakini dogo hilo limewakesha wengi. Sisi wenyewe tulipata kung'olewa gego moja, si kwa uzee, bali kwa uvivu wa miaka mingi, nasi twalikumbuka kila tutafunapo muhindi wa kuchoma.

Mama mmoja wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, alitujia akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Baba watoto amejichokoa meno kwa njiti ya ufagio hata ufizi umevimba. Daktari amemwagiza atumie uzi wa meno. Nami sipendi kuongeza plastiki katika mfereji ulio mbele ya nyumba, maana mvua ikinyesha takataka zetu zaturudia mlangoni. Tena fedha niliyo nayo ni ya kitoweo. Nifanyeje?"

Tukaona neno lake ni la haki. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku Tanzania Bara, nasi tukarudia vikapu. Lakini vitu vidogo vidogo vya plastiki vingali vyaingia mifereji ya mji, navyo huchukuliwa na maji hata Mto Msimbazi, na kutoka huko hata baharini.

Hapo kale uzi wa meno haukuwa plastiki. Mwaka 1819 Levi Spear Parmly, mganga wa meno wa New Orleans, Marekani, aliandika kitabu akiwafundisha watu kupitisha kati ya meno uzi wa hariri uliotiwa nta. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hariri ilikuwa adimu, na nailoni ikashika mahali pake. Basi nailoni ni namna ya plastiki, haiozi upesi.

Tukafuatana na yule mama mpaka madukani Kariakoo. Muuzaji mmoja akatukaribisha, "Karibu, mzee wangu; karibu, mama." Akatuonyesha kibweta kizuri chenye picha ya mwanzi, bei yake kubwa kuliko vyote. Tukamwomba kipande kidogo, tukatoka nje tukakiwasha kwa kiberiti. Kikayeyuka, kikawa tone gumu jeusi. Hariri haifanyi hivyo: hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Kumbe uzi ule ni plastiki iliyotiwa mkaa wa mwanzi! Wasomaji, msinunue picha. Someni uzi umefanywa kwa kitu gani. Hata ule wa mahindi ni plastiki iliyotokana na wanga, nao hutaka joto kubwa ndipo uoze. Wala uzi wa cherehani haufai: mwingi wa siku hizi ni plastiki vilevile, na ule wa pamba hukatika na kuacha nyuzi kati ya meno.

Uzi wa hariri tuliuona katika duka la mbali kidogo, lakini mama aliihesabu fedha yake akanyamaza. Je, arudi nyumbani mikono mitupu, mumewe aendelee na njiti? Hasha! Tukamshauri anunue kibiringo kimoja cha nailoni cha mita 50, kwa ajili ya nyumba nzima. Viuma vya plastiki vyenye kipande cha uzi kila kimoja tukamwambia aviache, maana kila kimoja hutumika kisha hutupwa na mpini wake.

Sasa tufanye hesabu. Desturi ni kukata sentimita 45, na kuzungusha ncha zake katika vidole vya kati. Mita 50 zatoa vipande 111, yaani siku 27 kwa watu wanne. Lakini ukikata sentimita 30 na kufunga ncha zake pamoja ziwe pete, wapata vipande 166, yaani siku 41. Akiba ya siku hizo iwekwe kando. Baada ya miezi michache huenda ikatosha kununua hariri.

Namna ya kutumia ni hii. Usiku kabla ya kulala, pitisha uzi polepole kati ya meno mawili, uukunje kuzunguka jino moja, uupandishe na kuushusha, kisha ufanye vivyo kwa jino la pili. Usikate kama msumeno. Ufizi ukitoka damu siku za kwanza, usiache. Lakini damu ikizidi majuma mawili, au jino likilegea, mwone mganga wa meno. Uzi uliotumika utie katika pipa la taka, usiutupe chooni wala mferejini.

Na kwa kupiga meno, mswaki wa mti ungalipo, wauzwa njiani Kariakoo kwa fedha kidogo. Shirika la Afya Duniani liliusifu kwa watu wenye desturi hiyo. Utafune ncha hata ilainike, na ncha ikichakaa ikate. Lakini nyuzi zake haziingii vema katika nafasi nyembamba, wala hauna floraidi nyingi kama dawa ya meno. Kwa hiyo usiache uzi, na dawa ya meno itumie.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa meno hauzibwi, husafishwa; lakini asiyeusafisha, gharama yake ni ileile. Yule mama alirudi na kibiringo chake na miswaki minne. Njiti za ufagio, alituambia, zimerudi kwenye kazi yake ya kufagia.