Taka za mafuriko Hagadera zikadiriwe kabla ya mvua

MAFURIKO yanapozikumba kambi za wakimbizi za Dadaab, hesabu ya kwanza huwa ya watu. Katika mafuriko ya mwaka 2024, takriban watu 20,000 walihama makao yao kambini humo, baadhi yao wakijisitiri katika shule. Ipo hesabu ya pili inayostahili kufanywa mapema: uzito wa mali itakayogeuka kuwa taka.

Familia ya Hagadera, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 katika eneo la Fafi, Garissa, haina mali nyingi. Aghalabu ni magodoro, mablanketi, mikeka, nguo, sufuria, madumu na unga wa msaada. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kuwa vitu hivyo vina kilo 150. Nyumba 1,000 zikifurika, hizo ni tani 150, yaani safari 15 za lori la tani 10.

Hata hivyo, mizani ya vitu vikavu hupotosha. Sufuria huoshwa ikatumika tena, lakini godoro lililolowa maji ya choo halifai kulaliwa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Godoro la sponji la kilo sita likinyonya lita 40 hufikia kilo 46. Magodoro matatu kwa kila nyumba ni tani 138, karibu sawa na mali yote ya nyumba hizo ikiwa kavu.

Mzigo huo hauondoki kwa urahisi. Mwaka 2006, mafuriko yaliikata barabara ya Garissa kwenda Dadaab hata misaada ikasafirishwa kwa ndege. Taka zikibaki karibu na vyoo vilivyofurika na vituo vya maji, maradhi hupata njia. Na sponji ikichomwa hutoa moshi wenye sumu.

Japani hukadiria mapema tani za taka kwa kila nyumba inayoweza kuharibiwa na janga. Serikali ya kaunti na mashirika ya misaada yanaweza kufanya vivyo hivyo: kupima mali ya nyumba chache katika kila mtaa wa kambi, kisha kutenga mahali pa kuanikia na pa kutupia, mbali na visima.

Wenye mali nao washirikishwe. Kinachoitwa taka na afisa huenda ndicho kitanda pekee cha familia, na kukiondoa bila kutoa kingine ni kuwalaza watoto kwenye tope.