Wanawake Wanane wa Riyadh na Binti Zetu wa Bariadi



Saa ya Riyadh ndiyo saa yetu. Kwa sababu hiyo, Jumamosi ya tarehe 8 Novemba 2025, aliyetaka kuangalia fainali ya tenisi ya wanawake akiwa hapa Bariadi hakulazimika kukesha. Elena Rybakina wa Kazakhstan alimshinda Aryna Sabalenka wa Belarus kwa seti mbili, 6-3 na 7-6, akaondoka na dola 5,235,000 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi bilioni 12 za kwetu. Mashindano yale ndiyo yanayofunga msimu wa wanawake wanaocheza tenisi ya kulipwa, nayo kwa mwaka wa pili mfululizo yalifanyika katika mji mkuu wa Saudi Arabia.

Tangu hapo tumeulizwa na wazazi zaidi ya mmoja, wengine kwa utani na wengine kwa dhati kabisa: ikiwa Riyadh imewafungulia wanawake uwanja, wakacheza mbele ya umati na kamera za dunia nzima, sisi wa Bariadi tuna hoja gani ya kumtoa binti katika timu ya netiboli ya shule? Swali hili si la kupuuzwa. Tunawajua mabinti waliokuwa wakitarajia kwenda UMISSETA na wakaachishwa mazoezi na baba zao, na tunawajua mama waliobaki kimya ilhali moyoni hawakuridhika.

Jibu letu la kwanza huenda lisiwapendeze wote. Riyadh si hoja. Uamuzi wa serikali yoyote, hata ikiwa ndiyo inayosimamia Misikiti miwili Mitukufu, haugeuki kuwa dalili ya kisheria kwa sababu tu umefanyika huko. Anayetaka dalili ana jambo lililo karibu zaidi: imepokewa na Imam Ahmad na Abu Dawud kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) alishindana mbio na Bi Aisha (Mwenyezi Mungu amridhie) wakiwa safarini, mara ya kwanza bibi huyo akashinda, na mara nyingine, baada ya mwili wake kunenepa, akashindwa, na Mtume akamtania kwamba hiyo ni kwa ile. Tusisahau pia kwamba, katika mapokezi hayo, watu waliambiwa kwanza watangulie. Humo mna ruhusa na mna stara, na mzazi mwenye busara huchukua yote mawili.

Hata hivyo, mashindano yenyewe yana mengi ya kumfaa mzazi, na tunaona ni vema yaelezwe, kwa kuwa tenisi kwetu Simiyu ni mchezo wa kwenye televisheni tu.

Mchezaji haombi kuingia huko wala haalikwi kwa jina lake. Kuanzia Januari huzunguka dunia akikusanya alama, wiki baada ya wiki, mara Australia, mara Ulaya, mara Marekani, na mwisho wa msimu hesabu hufungwa. Wanane tu ndio wanaoingia. Mkulima wa pamba wa Maswa au Itilima ataielewa habari hii bila mfasiri: jasho la msimu mzima hupelekwa mzanini siku moja, na mzani hausikilizi kisa cha mtu. Wanane hao hugawanywa makundi mawili ya watu wanne wanne, kila mmoja akacheza na wenzake watatu, kisha wawili wa juu wa kila kundi wakaingia nusu fainali.

Hapo pana tofauti na mashindano makubwa mengine ya tenisi. Wimbledon ukifungwa mara moja unafunga mizigo. Huku unaweza kufungwa ukaamka. Mwaka 2014, mjini Singapore, Serena Williams alifungwa na Simona Halep wa Romania 6-0 na 6-2 katika makundi, kipigo cha aibu kwa bingwa wa kiwango chake. Siku chache baadaye wakakutana tena kwenye fainali, na Serena akashinda 6-3 na 6-0. Mwaka 2016 Dominika Cibulkova wa Slovakia alipoteza mechi zake mbili za kwanza, na bado akatoka na kombe. Sisi tunaupenda utaratibu huu kuliko ule wa kufungwa na kwenda nyumbani.

Asili yake lakini haikuwa safi. Mwaka 1970 wanawake tisa, Billie Jean King akiwemo, walichoshwa na zawadi duni zilizokuwa sehemu ndogo tu ya zile za wanaume, wakatia saini mikataba ya dola moja moja huko Houston ili waanzishe mashindano yao. Aliyewapa fedha ni kampuni ya sigara, na mashindano ya kufunga msimu yalipochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1972, huko Boca Raton katika jimbo la Florida, yalibeba jina la sigara iliyotengenezwa mahususi kwa wanawake, Virginia Slims. Jina hilo lilikuja na kuondoka, lakini lilikuwapo hadi mwaka 1994. Hebu fikirini: wanamichezo wenye mapafu bora duniani wakitangaza kitu kinachoua mapafu. Mshindi wa mwaka ule wa kwanza alikuwa msichana wa miaka 17, Chris Evert, ambaye hakuichukua fedha ya ushindi kwa kuwa alikuwa bado mchezaji wa ridhaa.

Evert huyo huyo, pamoja na Martina Navratilova, ndio walioandika katika gazeti la Washington Post mwezi Januari 2024 wakipinga mashindano yasipelekwe Saudi Arabia, kwa hoja kwamba haki za wanawake huko bado ni haba. Binti mfalme Reema bint Bandar, balozi wa nchi hiyo mjini Washington, aliwajibu kwamba wameyafumbia macho mabadiliko yaliyopatikana. Hatusemi kwamba hoja ya akina Evert ni ya kutupwa. Ni mwaka 2018 tu ambapo wanawake wa Saudia waliruhusiwa kuingia viwanja vya mpira wa miguu, na mwaka huo huo wakaruhusiwa kuendesha magari. Anayeuliza hali zao hajatukana mtu. Lakini fedha ya sigara ilipokuwa ikiwalipa, maswali ya aina hii hayakuwa makali kiasi hicho. Tuliache hilo.

Tuje kwa mtu aliyetufanya tuifuatilie habari hii. Ons Jabeur wa Tunisia alizaliwa mwaka 1994 katika mji wa Ksar Hellal, na mama yake, Bi Samira, aliyekuwa akicheza tenisi kwa kujifurahisha, ndiye aliyempeleka uwanjani akiwa na umri wa miaka mitatu. Klabu yake ya utotoni huko Hammam Sousse haikuwa na viwanja vyake, wakafanya mazoezi katika viwanja vya hoteli za jirani. Alipokaribia ujana akaenda shule ya michezo mjini Tunis. Mwaka 2011 alitwaa ubingwa wa wasichana wa French Open, kisha ikapita miaka mingi ambayo dunia haikumtaja sana. Alikuwa na miaka 27 alipofika namba mbili kwa ubora duniani, mwezi Juni 2022. Mwaka huo akawa Mwarabu wa kwanza kuingia katika wanane hao wa mwisho wa msimu, kwa mchezo wa mmoja mmoja, huko Fort Worth, Texas. (Afrika ilikuwa imekwisha kufika huko kabla yake, kupitia Amanda Coetzer wa Afrika Kusini, miaka ya 1990.) Mwalimu wake wa mazoezi ya viungo alikuwa mumewe, Karim Kamoun, na tunalitaja hilo kwa makusudi, kwa ajili ya kina baba wanaodhani kwamba mke mwanamichezo lazima awe mke asiye na nyumba.

Mwaka uliofuata, 2023, alirudi tena, safari hii Cancún nchini Mexico, katika uwanja wa muda uliokamilika dakika za mwisho huku upepo ukivuma na wachezaji wakilalamika. Mechi ya kwanza alifungwa vibaya na Coco Gauff, 6-0 na 6-1. Ya pili alimshinda Marketa Vondrousova, mwanamke yule yule aliyemfunga kwenye fainali ya Wimbledon miezi michache kabla. Watu walitarajia afurahi. Alishika kipaza sauti, akalia. Alisema ni vigumu kuona watoto wakifa kila siku, na kwamba ameamua sehemu ya fedha zake za mashindano iende kuwasaidia Wapalestina. Hiyo ilikuwa mapema Novemba 2023, wiki chache tu tangu vita vya Gaza vianze, na wanamichezo wengi wenye majina makubwa walikuwa wamenyamaza. Mechi ya tatu akafungwa na Iga Swiatek, safari ikaishia hapo. Riyadh ya mwaka 2024 hakufika. Bega lilimkatizia msimu. Hivyo Mwarabu aliyefungua njia hakucheza pale njia ilipofika Arabuni.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki hajapatikana bado wa kuingia katika wanane. Aliye karibu kutufundisha ni Angella Okutoyi wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 2004. Mama yake alifariki wakati wa uzazi, akaacha mapacha, nao wakalelewa na bibi yao aliyekuwa akifanya kazi ya usafi katika shule moja ya Nairobi. Shule ile ilikuwa na viwanja vya tenisi. Julai 2022 Angella, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili pale Wimbledon, na Machi 2024 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika jijini Accra. Raketi ilimfungulia pia mlango wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Yeye si Mwislamu, na hilo halipunguzi lolote katika yale tunayoyaona kwa yule bibi mwenye ufagio.

Sasa turudi kwa baba mwenye swali. Kuhusu mavazi hatutaficha msimamo wetu: mengi tuliyoyaona Riyadh hatungependa binti zetu wayavae. Lakini kanuni za wanawake wa kulipwa, tangu msimu wa 2019, zimeweka wazi kwamba mchezaji anaweza kuvaa suruali za mazoezi bila sketi, kwa hiyo hata huko juu kabisa mwenye kutaka kufunika miguu hazuiwi. Shule zetu zitashindwaje? Baba mmoja alipotujia kwa jambo hili tulimshauri asianze na neno hapana. Aende shuleni aulize timu inasimamiwa na nani, kama yupo mwalimu wa kike anayefuatana na wasichana, wanalala wapi wakisafiri, na kama suruali ndefu na mtandio vinakubalika. Akijibiwa vizuri, atakuwa amemkosesha binti kwa sababu gani? Akijibiwa vibaya, kosa ni la usimamizi, na usimamizi hurekebishwa na wazazi wanaohudhuria vikao. Sisi tumehudhuria vikao vya shule ambavyo kina baba wa Kiislamu walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Wengine wameuliza kama tenisi yenyewe inawezekana hapa. Raketi ni ghali na mipira huisha, hilo ni kweli. Lakini ardhi si kikwazo. Uwanja wa tenisi wa mmoja mmoja una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 8.23. Uwanja wa netiboli, ambao shule nyingi za Simiyu zinao, una mita 30.5 kwa 15.25. Mistari ya tenisi inaingia ndani yake, na nyuma ya kila mstari wa mwisho inabaki nafasi ya zaidi ya mita tatu. Ni haba kwa mashindano, lakini mtoto anayejifunza itamtosha. Wavu hufungwa kwenye nguzo mbili, katikati ukawa na kimo cha sentimita 91, na chokaa ya kuchorea mistari inauzwa mjini.