KITAMBI SI CHEO

Mtu aingiapo Tunduma kwa barabara ya Vwawa hukuta malori yamepanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Nakonde. Kituo cha pamoja cha mpaka kilifunguliwa mwezi Oktoba 2019, lakini foleni hazijakwisha. Dereva akeshaye garini hula kilicho karibu naye: chipsi mayai, wali na soda. Mama amwuziaye chakula hicho naye huketi kibandani tangu alfajiri hadi usiku. Ndio wafanyakazi tunaotaka kuwasemea leo, maana miili yao inabeba mzigo ambao haukuandikwa katika hati yoyote ya forodha.

Wako wasemao kwamba unene ni ulafi na uvivu tu. Hatukubaliani nao. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 22 walikuwa na uzito uliozidi. Uchunguzi wa 2015–16 ulikuta wamefika 28. Mijini 42, na vijijini 21. Je, wanawake wa mjini wamekuwa wavivu maradufu kuliko dada zao wa shamba? Kilichobadilika ni kazi, chakula na nafasi ya kutembea.

Na katika uchunguzi huohuo wa 2015–16, watoto 34 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mkoa wetu wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016, hulima mahindi na maharage ya kuuza mbali. Lakini mahindi yakifika mashineni hukobolewa hadi yawe meupe. Pumba hupewa mifugo, nasi tukala sembe. Dona ina manufaa zaidi mwilini, lakini hudharauliwa kuwa chakula cha shida. Hivyo nyumba moja yaweza kuwa na mama aliyezidi uzito na mtoto aliyedumaa, wote wawili wakila chungu kimoja.

Yapo pia mambo ya fikira. Kwetu kitambi huhesabiwa kuwa dalili ya neema. Tena tangu UKIMWI uingie katika miji ya mpakani, mtu akikonda hunong'onwa, basi wengine huona heri wanenepe wasisemwe. Nasi viongozi hatuna la kujivunia: ni mikutano mingapi ya Chama isiyoisha kwa soda na maandazi?

Tofauti kubwa huonekana siku ya maradhi. Mwenye nafasi hupimwa kisukari na shinikizo la damu mapema, akaonywa. Mchukuzi wa mpakani hupata habari zake siku kidonda cha mguu kinapokataa kupona. Ugonjwa ni uleule; mmoja ameutambua mapema, mwingine amekwisha poteza mguu.

Halmashauri hutakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5 kwa ajili ya lishe, na mikoa imetia sahihi mkataba wa lishe tangu 2017. Ni jambo jema, wala senti moja isiondolewe kwa watoto. Lakini dereva na mama lishe nao yafaa wafikiriwe. Mizani na kipimo cha damu vipelekwe sokoni na kwenye maegesho ya malori, tena jioni, kwa kuwa mwenye kibanda akifunga asubuhi kwenda zahanati amepoteza riziki ya siku. Viwanja vya michezo vilivyosalia visikatwe kuwa viwanja vya maduka.

Matawi ya Chama yana wanachama katika kila mtaa wa Tunduma, na hayahitaji kungoja waraka. Mkutano ujao wa tawi na upikiwe dona na maharage ya Mbozi, mganga wa zahanati aalikwe na mizani yake, na mwenyekiti awe wa kwanza kupanda.